Mgeni Chunguni

Mtu atokaye safarini hurudi na vitu vya namna mbili. Vya kwanza ni vile vilivyomo mkobani, navyo huonekana na kuhesabika. Vya pili ni vile vilivyomo machoni, masikioni na ulimini mwake, navyo havitozwi ushuru mpakani wala haviibiwi njiani. Katika vitu vya ulimi, vikubwa ni viwili: maneno mapya na ladha mpya. Juu ya maneno, wataalamu wameandika vitabu vingi. Juu ya ladha twaandika machache, kana kwamba chungu ni kitu duni mbele ya kamusi. Mimi sioni hivyo. Katika insha hii nakuomba, msomaji wangu, tuketi pamoja mekoni, tukipime chakula ambacho mtu amekionja ugenini akarudi kukipika kwao, kama vile darasani tupimavyo shairi au hadithi.

Neno kuhakiki lisikutishe. Kuhakiki si kutukana, wala si kusifu. Ni kupima kitu kwa kipimo kilicho wazi, ili asikiaye aweze kukubali au kukataa kwa sababu. Asemaye, "Chakula hiki ni kitamu," hajahakiki. Ametangaza furaha yake tu. Asemaye, "Chakula hiki kina kasoro, kwa kuwa moto ulikuwa mkubwa na tui likakatika," huyo amesema neno ambalo mpishi aweza kulishika na kulitumia kesho.

Mfano mwema wa kazi hii tunao tangu zamani. Ibn Battuta, msafiri aliyezaliwa Tangier, katika nchi ya Moroko, mwaka wa 1304, alifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka wa 1331. Alipita Mogadishu, akatua Mombasa, akaendelea hadi Kilwa. Huko Mogadishu alikirimiwa, na habari za karamu ile alizozisimulia baadaye zasomwa hata leo. Aliletewa wali uliopikwa kwa samli katika chombo kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Ndizi mbichi zilipikwa katika maziwa, zikatiwa katika chombo chake. Maziwa ya mgando yalikuwa katika chombo kingine, pamoja na achari za ndimu, pilipili, tangawizi na embe. Na kwa kuwa wengi wa wasikilizaji wake huko kwao hawakujua embe, aliwaeleza kwamba lafanana na tofaa, ila lina kokwa ndani.

Zingatia mambo mawili katika kazi ya msafiri yule. Kwanza, alieleza kitu kimoja kimoja kabla ya kuhukumu. Pili, alipokutana na kitu kigeni alikitafutia ndugu katika vitu vya kwao, ili msikilizaji apate pa kushika. Hata hivyo hakuwa malaika: hakuweza kujizuia kusema kwamba mtu mmoja wa Mogadishu hula kiasi cha kuwatosha watu kadhaa wa kwao. Basi hata mhakiki mwema huteleza, na kuteleza kwake aghalabu huanzia pale anapoacha kutazama sahani akaanza kuwatazama walaji.

Lakini yeye alitusimulia alichokula; hakutuachia habari ya kukipika kwao. Kazi yetu leo ni kumpima mtu aliyevuka hatua hiyo ya pili. Nitaanza na mshtakiwa nimjuaye kuliko wote, yaani mimi mwenyewe.

Kwetu ni Kianjai, katika nchi ya Tigania, kando ya barabara itokayo Meru kwenda Maua. Nilipokuwa chuoni nikisomea ualimu, nilikuwa na mwenzangu mmoja wa Malindi, naye likizo moja alinichukua kwao. Asubuhi ya kwanza mama yake alituandalia mahamri na mbaazi za nazi. Mbaazi nilizijua tangu utoto, maana kwetu nazo hulimwa, tena huchemshwa pamoja na mahindi. Walakini sikupata kuziona katika vazi lile. Zilikuwa laini, zenye rojo nyeupe iliyoelekea unjano, na utamu wake haukupiga kelele. Nilimwomba mama yule anifundishe. Akasema, "Njoo, baba, ukae hapa utazame."

Aliketi juu ya mbuzi, akakuna nazi iliyoangushwa uani kwake asubuhi ile ile. Akaikamua kwa kifumbu, akapata tui zito la kwanza, akaliweka kando. Akatia maji katika machicha, akakamua tena, akapata tui jepesi. Mbaazi zilikuwa zimelowekwa usiku kucha na kuchemshwa hata zikaiva. Akazitia kitunguu, bizari, chumvi na lile tui jepesi, akaziacha zichemke polepole. Mwisho kabisa akapunguza moto, akamimina tui zito, akakoroga bila kupumzika. "Ukiondoa mkono," akaniambia, "tui litakatika, na likikatika halina daktari."

Nilirudi Kianjai nikijiona mjuzi. Minazi haioti kwetu. Basi nikanunua unga wa nazi wa pakiti kwa fedha ambazo zingalitosha nyama ya nyumba nzima, nikawaalika majirani, nikaingia jikoni kwa mama yangu kwa vishindo. Niliwasha moto mkubwa, kwa kuwa wageni walikuwa wamekwisha kufika. Nikautia unga wote mara moja, kisha nikatoka nje kuwasimulia habari za bahari. Niliporudi, mafuta yalikuwa yameelea juu na mbaazi zimeshika chini. Wageni wakala kidogo, kwa adabu. Na adabu ya mgeni alaye kidogo ni hukumu kali kuliko matusi.

Mama yangu hakusema neno mbele ya watu. Jioni, tulipokuwa tukisugua sufuria, aliniuliza, "Mwanangu, nazi ya yule mama ilitoka wapi?"

"Uani kwake, mama."

"Na mbaazi?"

"Shambani kwao."

"Na hii nazi yako?"

"Dukani."

Akasema, "Basi yule mama alipika kilichokuwa uani kwake. Wewe umeiga chungu chake, hukuiga akili yake."

Tangu siku ile nimesoma vitabu kadhaa vya uhakiki, wala sijaona kipimo kipitacho hicho. Mama yangu hakusema kwamba chakula cha pwani ni kibaya, wala hakunikataza kujaribu vya watu. Alisema kwamba nimetazama mkono wa mpishi pasipo kutazama nia yake. Kosa hilo hulifanya pia mwanafunzi aandikaye shairi kwa kukusanya maneno magumu ya washairi wakubwa: maneno ni yao, lakini hoja haimo.

Wazee wetu wana methali isemayo, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Naona kwamba chakula kigeni nacho chastahili kutendewa hivyo. Siku ya kwanza na ya pili tukistaajabie na kukikirimu. Ya tatu tukipe jembe: kifanye kazi katika shamba letu, kwa udongo wetu na mvua yetu. Kutokana na methali hiyo na neno la mama yangu nimepata maswali matatu ya kumwuliza kila mpishi aletaye chakula kutoka safarini. Je, ameelewa kazi ya kila kitu chungu kilichotia? Je, amekitafuta kilichopo kwao kiwezacho kufanya kazi hiyo? Na je, mgeni huyu ameongeza kiti mezani, au amemwondosha mtu aliyekuwa ameketi?

Tulianza na swali la kwanza, mama yangu na mimi, juma lililofuata. Nazi yafanya kazi gani katika mbaazi? Mbaazi iliyochemshwa ni kavu na nzito kinywani. Nazi huipa mafuta ya kuilainisha, uzito wa kushika rojo, na utamu kidogo wa kuondoa ukali. Ajuaye kazi ya kitu aweza kukitafutia naibu. Nyanda za chini zisizo mbali nasi hulimwa karanga. Tulizikaanga kidogo, tukazitoa maganda, tukazitwanga, tukazivuruga katika maji ya moto, tukazichuja kwa kitambaa safi. Maji yale yakawa meupe mfano wa maziwa. Tuliyamimina mwishoni, moto ukiwa mdogo, wala safari hii sikuondoa mkono. Zilikuwa mbaazi za nazi? La, hazikuwa. Zilikuwa mbaazi za karanga, na mwenye kuzitafuta za Malindi angalisikitika. Lakini zilisimama kwa miguu yao wenyewe, na sufuria ilirudi tupu.

Kwa mintarafu ya swali la pili, nataka utazame jambo hili kwa jicho la lugha, kwa kuwa mpishi wa namna hii ni ndugu wa mfasiri. Mwalimu Julius Nyerere alipofasiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare ihusuyo wafanyabiashara wa Venisi, kitabu kilichapishwa mwaka wa 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Hakuwaita wafanyabiashara, ijapokuwa ndiyo maana ya neno la Kiingereza. Alichagua neno lililokuwa na moto wake katika masikio ya Watanzania wa wakati ule. Waweza kumshtaki kwamba alisogeza maana; waweza kumtetea kwamba aliipa tamthilia uhai mpya. Huwezi kusema kwamba alilala. Mfasiri mbaya hubadili kwa kutojua. Mfasiri mwema hubadili kwa kujua, naye yu tayari kutoa sababu. Mpishi ni vivyo hivyo.

Sasa tuchukue chapati tukaiweke mizanini. Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka wa 1896, ikafika Ziwa Nyanza mwaka wa 1901, na kwa kazi hiyo waliletwa vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi. Wengi walirudi kwao, baadhi yao wakabaki, na maduka ya Wahindi yakaenea katika miji ya bara. Chapati ya Bara Hindi aghalabu hufanywa kwa unga wa ngano usiokobolewa, hupikwa juu ya chuma kikavu, nayo ni mkate wa kila siku. Chapati ya Kenya hufanywa kwa unga mweupe. Husukumwa, hupakwa mafuta, huviringwa kama konokono, husukumwa tena, kisha hukaangwa kwa mafuta hata ikatoka tabaka tabaka. Kwa umbo yakaribia zaidi paratha kuliko chapati ya asili. Tena kwetu haikuwa mkate wa kila siku, bali chakula cha Krismasi na cha wageni. Baadhi ya akina mama huponda boga lililochemshwa wakalikanda pamoja na unga, na chapati ikawa ya manjano, laini, isiyokauka upesi.

Katika swali la kwanza na la pili, hukumu yangu ni kwamba chapati yetu imefaulu. Imejua kwamba kazi yake ni kubeba mchuzi, na tabaka zake huubeba vyema. Imejua kula na ndengu na maharagwe ya shamba. Boga lile ndilo jembe la siku ya tatu. Kasoro yake nitaitaja baadaye, maana imo katika swali la tatu.

Twende Unguja. Jioni katika bustani ya Forodhani, mjini Zanzibar, wapishi huuza kitu wakiitacho pizza. Mtu aliyeonja pizza ya Naples akifika pale atashangaa. Haoni tanuri, wala mkate wa duara uliopakwa nyanya. Aona donge la unga likitandazwa hata likawa jembamba kama kitambaa, likatiwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, likakunjwa pande nne, likakaangwa juu ya chuma. Je, tuseme wapishi wale wamekosea? Nasema wamekosea jina, hawakukosea chakula. Hicho ni ndugu wa mkate wa kima, ambao una wenyeji wake katika pwani yote ya bahari hii. Pizza imewapa jina la kumwita mgeni apitaye, lakini mkono uliokunja ni wa kwao. Naona hapo jina limesafiri bila chakula, kinyume cha kawaida. Na mhakiki asiyetenga jina na kitu atahukumu jina tu.

Najua kwamba hadi hapa nimewaudhi watu wa kambi mbili. Kambi ya kwanza yasema kwamba chakula kisichofanana na cha kwao ni batili, na kwamba heri usipike kuliko kubadili. Hao nawaheshimu kwa jambo moja: bila wao tungaliita kila mchanganyiko pilau. Mtu atiaye unga wa bizari wa pakiti katika wali, asikaange kitunguu hata kikageuka rangi ya hudhurungi, asitie nyama wala supu yake, kisha akaita kazi hiyo pilau, amewadhulumu waliobuni chakula kile. Heshima kwa asili yataka tuijue kabla ya kuiacha. Lakini kuijua si kufungwa nayo.

Kambi ya pili yasema, "Mwacha asili ni mtumwa," nayo yataka tule vya kwetu tu. Hao nawauliza: vya kwetu ni vipi? Chukua mukimo, chakula ambacho watu wa Mlima Kenya hujivunia mbele ya wageni. Ndani yake mna mahindi, maharagwe, viazi na majani ya boga. Vyote vinne asili yake ni bara la Amerika, navyo vilianza kusambaa katika pande hizi za dunia baada ya safari za Wazungu kuvuka bahari, tangu mwaka wa 1492. Jina lenyewe mahindi lilidhani kwamba nafaka hii ilitoka Bara Hindi. Ndizi zina asili yake Asia. Mbaazi zile za mama yangu, Bara Hindi. Vilivyo vya Afrika tangu mwanzo ni mtama, uwele, wimbi na kunde, navyo ndivyo tulivyoviacha nyuma ya ghala. Basi mukimo ni mgeni aliyepewa jembe zamani, akalima hata tukasahau kwamba alikuja. Asili ya chakula si mahali mbegu ilikoota kwanza tu. Ni mikono iliyokizoea pia.

Sasa nafika katika swali la tatu, ambalo ningependa kulikimbia. Nimesema kwamba mshtakiwa wa kwanza ni mimi. Kosa langu halikuwa lile tui lililokatika, maana tui lililokatika huliwa likasahauliwa. Kosa langu ni kwamba baada ya safari ile nilizoea kusema nyumbani, "Huko pwani wanajua kupika." Sikumkusudia mtu. Lakini katika nyumba ile mpishi alikuwa mmoja. Baadaye, nilipoanza kazi na kuwaleta walimu wenzangu Kianjai, niliona kwamba mama husukuma sufuria ya mukimo nyuma ya mlango, akamtuma mtoto dukani kununua mkate na unga wa chapati. Sikumwambia afanye hivyo. Maneno yangu ya miaka mingi ndiyo yaliyomwambia. Hapo ndipo ilipo kasoro ya chapati: si katika unga wake, bali katika kiti tulichoipa. Tumeifanya chakula cha wageni, na kwa kufanya hivyo tumekifanya chakula cha mama zetu kuwa kitu cha kufichwa.

Aliyeniokoa ni mwenzangu yule wa Malindi. Alipokuja kwetu, mama alianza kumwita mtoto wa kutumwa dukani, lakini mgeni akasikia harufu, akasema, "Shikamoo, mama. Naomba nile kile mlachokula ninyi." Alikula, akaongezwa, akauliza maswali: mahindi huchemshwa muda gani, majani hutiwa lini, kwa nini viazi vipondwe vikiwa vya moto. Mama akaketi wima akamjibu moja baada ya jingine, na kwa mara ya kwanza nilimwona akifundisha kama mwalimu afundishavyo. Sufuria ile haikurudi nyuma ya mlango.

Msomaji wangu, wewe utasafiri mbali kuliko mimi. Huenda ukasoma Uingereza, ukafanya kazi Doha au Muscat, au ukakaa papo hapo ulipo huku simu ikikuonyesha mpishi wa Korea akikata kabichi yake. Onja vyote. Uliza kama Ibn Battuta, ukitaja kitu kimoja kimoja. Urudipo, ingia jikoni kwa unyenyekevu: jua kazi ya kila kitu kabla ya kukibadili, tazama uani kabla ya kwenda dukani, wala usipoteze muda kubishana juu ya jina. Na kabla hujakiweka chakula chako kipya mezani, tazama ni nani aliyepika jana katika jiko lile lile, na umwambie neno jema. Mgeni mwema hapewi jembe tu. Hufundishwa pia kumwamkia mwenye nyumba.